Tangi la Mzee Lilipochafuka

Asubuhi ile tulifika kwa Mzee saa moja na robo, tukitoka misa ya kwanza, na kabla hatujapiga hodi tulimkuta Mama amesimama mlangoni, khanga begani na ufunguo mkononi. Hakutuanza kwa "Tumsifu Yesu Kristo" kama kawaida yake. Alisema tu, "Wanangu, njoni mwone. Maji yamekuwa tui."

Na kweli yalikuwa tui. Lile tangi la sebuleni, ambalo siku mbili kabla ungeweza kukaa kwenye kochi ukahesabu mistari ya samaki, lilikuwa jeupe toka juu mpaka chini, kama maji ya kwanza ya kuoshea mchele. Mawe ya nyuma hayakuonekana. Taa zilikuwa zinawaka, na mwanga wake wa buluu ulikuwa unaishia katikati ya ukungu. Tulisogea mpaka pua zikagusa kioo. Kwa muda hatukuona kitu chochote kinachotembea. Kisha kangaja akatokea, akapita mbele ya macho yetu, akapanda juu na kubaki pale akihema mdomo wazi.

Tulikuwa watatu, mafrateri katika mwaka wa uchungaji, kwenye parokia moja ya Dar es Salaam isiyo mbali na bahari. Mzee tulimfahamu kupitia jumuiya ndogo ndogo ya mtaa wake. Alikuwa fundi wa mitambo ya meli bandarini kwa zaidi ya miaka thelathini, na alipostaafu, wenzake wakifuga kuku, yeye alijenga tangi la kioo lenye urefu wa mita moja na nusu na kulijaza maji ya bahari: lita 450, ukiondoa mawe labda 400. Ndani yake kulikuwa na mwamba mdogo, mchanga mweupe, samaki saba, kamba wawili, na matumbawe laini yaliyokuwa yakicheza na mkondo wa pampu kama majani ya mnazi. Samaki ni wa bahari yetu hii hii. Matumbawe aliyanunua yakiwa yamezalishwa kwenye matangi, na karatasi zake anazitunza kwenye faili. Tumbawe, alituambia, si kitu cha kuokota. Visiwa vya Mbudya na Bongoyo tunavyovitazama kutoka ufukweni ni hifadhi tangu 1975, na hata pasipo hifadhi, jiwe unalolibeba ni nyumba ya mtu.

Sababu ya kufuga alitueleza siku moja tulipompelekea Komunyo, mguu ulipoanza kumzuia kutoka. Mwaka 1998 joto la bahari lilipanda sana katika Bahari ya Hindi, na matumbawe ya pwani yetu, kama ya sehemu nyingine nyingi, yakageuka meupe. Tumbawe ni mnyama, lakini ndani ya mwili wake kuna mwani mdogo usioonekana kwa macho, unaotumia mwanga wa jua kutengeneza chakula na kumgawia mwenyeji wake. Rangi nayo kwa sehemu kubwa inatokana na mwani huo. Joto likizidi, mwani unatoka, na tumbawe linabaki jeupe, lenye njaa. Mzee alikuwa akizamia na vijana wa mashua nyakati zile. Alisema aliona mwamba mzima umekuwa kama makaburi yaliyopakwa chokaa. "Nikataka kuwa na kipande kidogo ambacho nikikiona kinaumwa, naweza kufanya kitu."

Mwezi Aprili, wiki ya pili ya Pasaka, aliondoka kwenda mkoa mwingine kufanyiwa upasuaji wa nyonga. Angekaa huko wiki sita. Mama angebaki nyumbani, lakini Mama na tangi walikuwa na mpaka wao. "Hilo ni mke mwenzangu," alituambia akicheka. "Namfagilia chumba, lakini simpikii." Basi Mzee akatukabidhi sisi. Alituachia daftari la kurasa nyingi lenye maandishi ya fundi: saa za taa, vipimo vya chumvi, kipande kimoja tu cha kamba waliogandishwa kwa siku. Kwenye ukurasa wa ndani wa jalada alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: *Maji yakichafuka, ongeza hewa, acha kulisha, tafuta sababu. Usiguse kingine mpaka uijue.*

Tulilisoma daftari. Hilo lazima tulikiri mapema, ili msomaji asituhurumie kwa kudhani hatukuambiwa.

Kosa la kwanza lilikuwa la huruma. Mmoja wetu ni mtoto wa Kigoma, amekulia kando ya Ziwa Tanganyika ambako maji ni mangavu na kila mtu anajiona mjuzi wa samaki. Aliona kipande kimoja kwa samaki saba ni uchoyo. Tukaanza kuwapa viwili, kisha vitatu, hasa kwa sababu kila tukisogea walikuja mbele ya kioo wakitutazama. Samaki hukutazama hivyo hata akiwa ameshiba, lakini hatukulijua hilo. Vilivyobaki vilizama nyuma ya mawe, tusipopaona.

Kisha Jumapili usiku umeme ukakatika, kuanzia saa tatu mpaka alfajiri. Jumatatu tulipofika kila kitu kilikuwa kinafanya kazi tena, na maji yalikuwa na uvuguvugu wa harufu, kama yai lililokaa. Hatukuitilia maanani. Tukawahurumia samaki kwa kukesha gizani na kuwapa vipande vinne.

Hapa inabidi tueleze jambo ambalo tulilijua baadaye, kwani bila hilo mengine hayaeleweki. Tangi la bahari haliishi kwa maji masafi. Linaishi kwa bakteria. Samaki akijisaidia, na chakula kikioza, hutoka amonia, ambayo ni sumu, na kwenye maji ya bahari ni kali zaidi kuliko kwenye maji mengi ya mtoni kwa sababu maji ya bahari yanaelekea upande wa nyongo kuliko wa siki, na amonia hupata makali hapo. Kuna bakteria wanaoibadili amonia kuwa naitraiti, nayo ni sumu. Na wengine wanaobadili naitraiti kuwa naitreti, ambayo samaki anaivumilia. Hawa wanaishi wamejibandika kwenye mawe, kwenye mchanga na kwenye sponji ya kichujio. Wanakua taratibu. Kuzaliana mara moja kunawachukua saa nyingi, pengine siku nzima. Wanahitaji maji yanayotembea yenye oksijeni. Kichujio cha Mzee ni mtungi uliofungwa. Umeme ukikatika kwa saa tisa, waliomo ndani wanakosa pumzi, wanakufa na kuoza, na umeme ukirudi pampu inausukuma uozo wote ule ndani ya tangi kwa dakika chache. Ile harufu ya yai ndiyo iliyokuwa ikituambia hivyo.

Halafu wapo bakteria wa aina nyingine, wale wanaokula mabaki yenyewe. Hao hawana haja ya kujibandika. Wakikuta karamu wanaelea na kuzaliana kwa kasi, kila nusu saa hivi wanakuwa maradufu, mpaka maji yenyewe yanakuwa meupe kwa wingi wao. Weupe ule si uchafu. Ni viumbe hai, mamilioni, na wote wanapumua. Ndiyo maana kangaja alikuwa juu akihema. Maji ya bahari yenye joto la nyuzi 27 hubeba oksijeni chache kuliko maji baridi ya mtoni, na ile chache ilikuwa inaliwa.

Jumanne ile hatukujua lolote kati ya hayo. Tuliona uchafu, na uchafu dawa yake ni kusafisha. Tumelelewa hivyo, tangu seminari ndogo kengele ya usafi hutangulia kengele ya chai. Tukafungua kichujio, tukatoa sponji zilizokuwa za kahawia, na kuziosha kwenye bomba la uani mpaka zikawa njano kama mpya. Maji ya bomba yana klorini, ambayo kazi yake ni kuua bakteria. Wachache waliosalimika usiku wa giza, tukawamaliza asubuhi kwa mikono yetu, tukiimba.

Kisha tukachukua mpira na kuvuruga mchanga ili kuvuta taka. Kisha tukaamua kubadilisha maji. Uani kwa Mzee kulikuwa na mapipa mawili ya lita 200, yamefunikwa kwa turubai nyeusi, yamejaa maji ya bahari. Tukayafunua, tukanusa, tukaona yamekaa mno. Nani humpa mgonjwa maji yaliyolala? Tukakodi bajaji, tukaenda ufukweni na madumu sita ya lita ishirini, tukachota maji mapya ya bahari. Ilikuwa masika. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo na mto Msimbazi ulikuwa ukimwaga tope baharini. Maji tuliyoyachota yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, lakini tukasema yatatulia. Hatukuyapima chumvi. Siku mbili baadaye tulipoyapima yale yaliyobaki kwenye dumu la mwisho, kipimo kilisoma 1.019, wakati maji ya bahari kamili husoma 1.025 au zaidi kidogo.

Jirani mmoja, mama wa WAWATA, alikuja na chupa ya maji ya baraka. Tulimwomba anyunyizie nyumba tu. Huo ndio uamuzi pekee wa busara tulioufanya siku hiyo.

Jumatano asubuhi tangi lilikuwa jeupe kuliko Jumanne, na sasa weupe ule ulikuwa na vumbi ndani yake. Matumbawe yalikuwa yamejikunja yote, kama ngumi. Kangaja alikuwa amelala ubavu nyuma ya pampu. Alikuwa samaki wa buluu mwenye pezi la njano mgongoni, aliyeishi na Mzee miaka sita, na Mama alipomwona hakusema neno. Alileta kipande cha gazeti, akamfunga, akamzika chini ya mpapai.

Jioni ile Mzee akapiga simu. Upasuaji ulikuwa kesho yake asubuhi. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayejitahidi kutokuwa na hofu. Aliuliza habari za Mama, za paroko, za mvua. Kisha akauliza, "Na huko sebuleni?"

Mama alikuwa ametuomba tusimwambie. Tulitazamana. Aliyekuwa na simu akasema, "Hawajambo, Mzee. Shwari kabisa."

Usiku, kwenye Sala ya Mwisho wa Siku, kuna pale tunaponyamaza ili kila mmoja achunguze dhamiri yake. Kwa kawaida ni dakika moja. Usiku ule kimya kilirefuka na hakuna aliyetaka kukivunja. Baadaye, jikoni, tulibishana mpaka saa tano. Mmoja alisema mgonjwa anayeingia chumba cha upasuaji ana haki ya utulivu. Mwingine akasema tulichosema si kunyamaza, ni uongo, na walimu wetu wametufundisha tofauti. Wa tatu akasema hoja zote mbili ni nzuri, ila angependa kujua kama zingekuwa nzuri hivyohivyo iwapo samaki angeuawa na umeme peke yake.

Alhamisi tulimweleza paroko. Alisikiliza huku akimenya chungwa. "Kumficha usiku wa jana," alisema, "hilo ningeweza kulielewa. Leo amekwisha toka chumba cha upasuaji. Mkimficha leo mtakuwa mnamhurumia yeye, au mnajihurumia?" Akatupa kila mmoja kipande cha chungwa, akaondoka kwenda kwenye mazishi.

Tulisubiri mpaka Ijumaa jioni, binti yake aliposema ameamka vizuri na anaomba uji. Tukapiga. Safari hii simu iliwekwa mezani, sauti wazi, sote watatu tukiwa tumeinama juu yake. Tulimweleza tangu vipande vitatu vya kamba mpaka bomba la uani. Hakutukatiza. Tulipomaliza akauliza, "Kangaja yupo?"

"Hayupo, Mzee."

Kimya kilikuwa kirefu, tukasikia sahani zikigongana upande wa kule. Kisha akasema kwa sauti ya fundi, "Chukueni glasi. Safi, isiyo na rangi. Choteni maji ya tangi, muiweke dirishani. Saa moja."

Kipimo chake kilikuwa rahisi hata tukaona aibu. Ukungu ukipanda juu na kupotea ndani ya dakika chache, ni viputo vya hewa. Pampu inavuta hewa mahali fulani, hakuna ugonjwa. Ukizama na kuacha unga chini, ni vumbi la mchanga, nalo litatulia lenyewe usipolikoroga. Kama unga ule ni mweupe kama theluji na ulitokea mara baada ya mtu kutia dawa za kuongeza kalsi, basi dawa imezidi na imeganda kuwa chokaa. Maji yakiwa ya kijani, ni mwani unaoelea. Punguza taa na chakula. Na maji yakibaki meupe, bila kupanda wala kuzama, ni bakteria. Glasi yetu iliacha vumbi kidogo chini, na juu yake ikabaki tui. Tulikuwa na mawili kwa pamoja: moja la usiku wa giza, jingine la mikono yetu.

Maagizo yalikuwa machache. Kuacha kulisha kwa siku tatu; samaki mzima hafi kwa hilo. Kugeuza mdomo wa pampu utazame juu ili uso wa maji uchafuke kwa mawimbi, na kuwasha ile pampu ndogo ya hewa ya betri iliyokuwa kwenye droo. Kusafisha kikombe cha mashine ya povu, ile inayokamua taka kutoka majini kwa viputo, mara mbili kwa siku. Kutia mfuko wa makaa maalumu ya kuchujia, ambayo, tuliambiwa kabla hatujauliza, si mkaa wa jikoni. Kubadilisha lita 40 kila siku, na maji yatoke kwenye mapipa.

"Lakini yale yamekaa, Mzee."

"Yamekaa ndiyo," alijibu. "Nilikwenda kuyachota na mashua mwezi Februari, kiangazi, mbali na mto, siku za bamvua maji yakijaa. Nikayafunika giza yatulie. Mnadhani nilikuwa nafuga mbu?"

Na la mwisho: mchanga usiguswe, sponji isiguswe, mkono usiingie ndani. "Mtatamani," alisema. "Mtatafuta sababu ya kuingiza mkono. Kaeni mtazame."

Kukaa na kutazama kuligeuka kuwa kazi ngumu kuliko kubeba madumu. Tulihitaji cha kufanya. Mmoja wetu akakumbuka somo la historia ya sayansi, habari za Padre Angelo Secchi, Mjesuiti wa Roma, ambaye wengi wanamfahamu kwa kuchunguza nyota. Mwezi Aprili 1865 padre huyo alipanda meli ya Baba Mtakatifu iliyoitwa *L'Immacolata Concezione*, na akiwa baharini alishusha sahani nyeupe majini kwa kamba, taratibu, mpaka isipoonekana tena, akaandika kina. Mpaka leo wanasayansi wa maziwa na bahari wanashusha sahani kama hiyo, na inaitwa kwa jina lake. Kilichotuvutia ni kwamba hakugusa maji. Hakuyasafisha wala kuyalaumu. Aliyapima tu, akaandika alichokiona.

Hatukuwa na kina cha kushusha sahani, lakini tulikuwa na urefu wa mita moja na nusu. Tukachukua kifuniko cheupe cha ndoo ya siagi, tukachora msalaba mweusi kwa kalamu ya wino mzito na kukibandika nje ya kioo cha upande wa kushoto, kikitazama ndani. Kila asubuhi tulichungulia kutoka upande wa kulia. Kama hakionekani, tulikisogeza kwenye kioo cha mbele, hatua kwa hatua kuja kwetu, mpaka msalaba uonekane, tukapima kwa rula. Jumamosi: sentimita 35. Jumapili: 40. Jumatatu: 38, na mmoja wetu akashika ukingo wa tangi, mkono tayari umekunjwa shati mpaka kiwiko. Tulimshika. Jumanne: 70. Jumatano msalaba ulionekana kutoka mwisho hadi mwisho, hafifu, kama kitu kinachoonekana nyuma ya pazia, na Alhamisi tulipofika Mama alikuwa amekaa kwenye kochi ameshika kikombe cha chai, anamtazama mke mwenzake.

Tulipoteza kangaja, kamba mmoja, na kichaka kimoja cha tumbawe ambacho hakikukunjuka tena. Amonia ilichukua siku kadhaa zaidi kushuka, hata baada ya maji kuwa mangavu, na hilo lilitufundisha kutoamini macho peke yake. Maji ya kioo yanaweza kuwa na sumu. Na maji meupe, kama tungeyaacha na hewa ya kutosha, huenda yangesafika bila kumuua yeyote.

Mwezi Septemba, tukiwa tumerudi seminarini, zamu ya masomo ilitufikisha kwenye sura ya 34 ya Ezekieli. Hiyo tunaijua vizuri. Hakuna frateri asiyeijua, ndiyo sura inayowakaripia wachungaji. Lakini kwa kawaida tunaishia mapema. Safari hii tulisoma mbele, aya ya 18 na ya 19, ambapo Mungu anawageukia kondoo wenyewe, wale wanono wanaokunywa maji matulivu kisha wanayavuruga yaliyobaki kwa miguu, na wenzao wanalazimika kunywa yaliyovurugwa. Tulitazamana kama usiku ule wa jikoni. Hapo hapatajwi kuchafua kwa kutupa taka. Panatajwa miguu tu.

Lakini tumeruka. Mzee alirudi mwishoni mwa Mei, na magongo mawili, amekonda. Tulimkalisha kwenye kochi. Alitazama tangi kwa muda bila kusema, kichwa kikienda kushoto na kulia, na tulijua anahesabu. Kisha akaomba daftari. Tulikuwa tumeendelea kuandika humo siku kwa siku kama alivyofanya yeye: joto, chumvi, amonia, sentimita za msalaba. Alivaa miwani, akafungua taratibu akilowesha kidole. Ile Jumatatu ya vipande vinne ilikuwepo. Ile Jumanne ya bomba ilikuwepo. Tuliiandika baadaye, lakini tuliiandika.

Akafika katikati ya ukurasa, akasimama.

"Hapa Jumatano mmeruka," alisema.

Hakuna aliyejibu. Mama alisimama akaenda jikoni. Mzee akatoa kalamu kwenye mfuko wa shati, akaifungua, akamnyooshea yule aliyekuwa ameshika simu siku ile, na kusogeza daftari mezani mpaka likawa mbele yake. Tukasogea wote watatu. Aliandika tarehe kwanza, kisha saa, kisha maneno yetu yale, kama tulivyoyasema.